UZI: Adivasi wa India, watu ambao hati ya shamba lao ni jiwe la kaburi

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Huu uzi nimeuahidi muda mrefu, naomba mnivumilie maana ni mrefu. Huku kwetu ukisema "Mhindi" picha inayokuja kichwani ni ya mtu wa duka, wa hospitali au wa kiwanda. Leo nataka niwaeleze Wahindi wengine kabisa. Wanaitwa Adivasi. Sensa ya India ya 2011 iliwahesabu zaidi ya milioni 104, yaani asilimia 8.6 ya nchi. Hao ni wengi kuliko sisi wote tuliohesabiwa Tanzania mwaka 2022. Wamo Wabhil na Wagond upande wa magharibi na katikati, Wasanthal, Wamunda na Waoraon upande wa mashariki, na mamia ya jamii nyingine, kila moja na lugha yake au mabaki ya lugha yake.

Mimi nilisoma Ranchi, mji mkuu wa jimbo la Jharkhand, miaka miwili. Mwenzangu wa chumba alikuwa Mmunda. Mwezi wa tatu alinichukua kwao, kijiji kimoja wilaya ya Khunti. Alfajiri ya kwanza niliamshwa na sauti ya mafagio. Nikatoka nje nikakuta mama yake na shangazi zake wako chini ya mti wa mahua, wamefagia majani mpaka udongo umebaki mtupu, wanaokota maua. Mahua haudondoshi maua mchana, unadondosha usiku mpaka asubuhi. Ni maua mazito, manjano hafifu, ukiliminya moja linatoa maji matamu kama zabibu. Kikapu kinajaa, yanaanikwa uani, yanakauka hadi kuwa ya kahawia, na harufu yake haikutoki puani kwa wiki nzima. Yanaliwa, yanauzwa, yanatengenezwa pombe. Kila mti una familia yake, na hakuna aliyeandika popote ni wa nani. Watu wanajua tu.

Baada ya chai baba yake akanipeleka nyuma ya kijiji. Pale kuna mabamba makubwa ya mawe yamelazwa juu ya mawe madogo, kama meza fupi, mengine yamezama nusu ardhini. Wanayaita *sasandiri*. Chini yake kuna mifupa ya ukoo, kizazi juu ya kizazi. Mzee akaweka kiganja juu ya bamba moja akaniambia: mwanangu, hii ndiyo *patta* yetu. Patta kwa Kihindi ni hati ya ardhi.

Mkishika neno hilo la mzee, mengine yote nitakayoandika humu yataeleweka.

Kwa Wamunda, aliyefyeka msitu wa kwanza akaanzisha kijiji, ardhi ile ni ya uzao wake wote kwa pamoja. Utaratibu huo unaitwa *khuntkatti*. Ushahidi ni makaburi: kama babu zako wamelala hapa, basi hapa ni kwenu. Walipokuja Waingereza wakataka karatasi. Mmunda hana karatasi, ana jiwe. Mwenye karatasi akawa bwana ardhi aliyetoka mbali, na mkopeshaji wa riba nyuma yake. Mwenye kijiji akageuka mpangaji kwao, analipa kodi, na juu yake anafanyishwa shokoa.

Wasanthal waliinuka 30 Juni 1855 wakiongozwa na ndugu wawili, Sidho na Kanhu Murmu. Wamunda waliinuka mwisho wa 1899 na kijana aliyeitwa Birsa Munda, aliyezaliwa 1875 kijiji cha Ulihatu. Watu wake walimwita *Dharti Aba*, baba wa ardhi. Januari 1900 askari waliwafyatulia risasi wafuasi wake mlima Dombari, Februari wakamkamata, na 9 Juni 1900 akafia gerezani Ranchi. Wakasema kipindupindu. Alikuwa na miaka 24.

Lakini vita ile ilizaa sheria. Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya ardhi ya Chotanagpur, yaani nyanda za juu zenye Ranchi na Khunti, inayozuia shamba la Adivasi kuuzwa kwa asiye Adivasi. Ipo mpaka leo. Na jimbo la Jharkhand lilipoundwa mwaka 2000, tarehe iliyochaguliwa ni 15 Novemba, siku aliyozaliwa Birsa.

Ulizeni, nitaendelea.

Mchangiaji, Bukoba

Mkuu uzi umeshiba. Swali dogo tu: wana koo kama zetu? Sisi Wahaya kila ukoo una muziro wake, mnyama au kitu usichokila.

Mleta mada

Mkuu, ungekaa nao jioni moja ungejiona uko nyumbani. Wamunda ukoo wanauita *killi*. Huyu mwenzangu ukoo wao ni wa kobe. Siku moja tulikutana na kobe barabarani, akashuka kwenye pikipiki, akamvusha kwa mikono miwili taratibu, akamweka upande aliokuwa anaelekea. Hakusema neno, na mimi sikuuliza. Waoraon nao wana majina ya ukoo ambayo leo ni majina ya familia kwenye vitambulisho: Ekka ni kobe, Toppo ni ndege kigogota. Watu wa ukoo mmoja hawaoani.

Mchangiaji, Dar

Hapo kwenye jina sijaelewa. Adivasi ni kabila au ni nini? Na serikali yao inawaitaje?

Mleta mada

Hapa ndipo penye moto, mkuu, naomba nafasi.

Adivasi si kabila. Ni neno lenye asili ya Kisanskrit: *adi* ni mwanzo, *vasi* ni mkaaji. Wakaaji wa mwanzo. Wao wenyewe ndio waliolipandisha hadhi kisiasa miaka ya 1930 huko Chotanagpur, walipounda chama cha Adivasi Mahasabha. Kabla ya hapo kila mtu alikuwa Mmunda, Msanthal, Moraon, na watu wa nje waliwaita *jungli*, watu wa porini.

Mwaka 1939 uongozi wa chama hicho ulishikwa na Jaipal Singh Munda. Huyu mtu anastahili uzi wake. Mtoto wa kijijini Khunti, akasomeshwa na wamisionari, akafika Oxford, akawa nahodha wa timu ya India ya magongo iliyochukua dhahabu Olimpiki ya Amsterdam 1928. Baadaye akafundisha hapa hapa Afrika, chuo cha Achimota huko Gold Coast, Ghana ya leo. Watu wake wanamwita *Marang Gomke*, kiongozi mkuu. Desemba 1946 alisimama kwenye Bunge la Katiba akasema yeye ni jungli na anajivunia, na kwamba hamwezi kuwafundisha Adivasi demokrasia, ninyi ndio mjifunze kwao. Halafu akapigania neno. Alitaka katiba iwaite Adivasi. Hakupata.

Katiba ikawaita "Makabila Yaliyoorodheshwa". Tazameni tofauti. "Mkaaji wa mwanzo" ni mtu mwenye dai: nilikuwepo, ardhi ni yangu. "Aliyeorodheshwa" ni mtu anayesubiri daftari la serikali limtaje. Ukitajwa unapata haki zenye uzito, sizibezi hata kidogo: asilimia 7.5 ya ajira za serikali kuu, viti 47 kati ya 543 vya bunge la chini. Daftari lisipotaja jina lako, huna.

Na daftari lenyewe linabadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Waingereza waliwachukua maelfu kwa maelfu ya Wamunda, Waoraon na Wasanthal kutoka Chotanagpur kwenda kuchuma chai Assam. Wajukuu zao wako kule mpaka leo, wanaongea lugha zile zile, wanaabudu vile vile. Jharkhand binamu yake yumo kwenye orodha. Yeye Assam hayumo. Anaitwa mtu wa "makabila ya chai", kana kwamba walizaliwa na mche.

Sasa sikilizeni na hili, linatuhusu. India kuna watu wanaoitwa Siddi, wazao wa Waafrika waliofikishwa kule kwa karne nyingi, wengi wao watumwa, wengine mabaharia na askari. Wale wa Gujarat wana ngoma wanayoiita *goma*. Ndiyo, ni neno letu lile lile. Siddi wa Karnataka waliingizwa kwenye orodha ya makabila mwaka 2003. Kwa hiyo mtu ambaye asili yake ni pwani yetu ameorodheshwa, na Mmunda wa Assam hajaorodheshwa. Siwaonei wivu Siddi, ni watu maskini na walistahili. Naonyesha tu kwamba orodha ni kitu kimoja, na kuwa Adivasi ni kitu kingine.

Kuna neno la tatu: *vanvasi*, wakaaji wa msituni. Hili linapendwa na wazalendo wa Kihindu, na tangu 1952 wana shirika kubwa linalobeba jina hilo na kuendesha shule na mabweni vijijini. Wanasema wote ni Wahindu, tofauti ni kwamba hawa wanaishi msituni. Mwenzangu wa chumba lilimuuma kuliko tusi. Aliniambia: msitu unaweza kukatwa kesho, nami nitakuwa nani? Ukisema mkaaji wa msituni umemwachia miti tu. Mwanzo umemnyang'anya.

Mchangiaji, Nakuru

Hii kesi ni kama ya Ogiek, jamii ya msitu wa Mau huku kwetu Kenya, kaka. Serikali iliwaambia watoke Mau mwaka wa 2009, wakaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema hao ni watu wa asili na haki zao zimevunjwa. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Na Novemba 2023 wakafurushwa tena! Ile hoja ya serikali nyingi za Afrika ni hiyo hiyo: sisi sote ni wenyeji.

Mleta mada

Asante sana ndugu, umenitangulia. Ndiyo hoja ya India pia. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha tamko la haki za watu wa asili, India ilipiga kura ya ndiyo, na wakati huo huo ikashikilia kwamba Wahindi wote tangu uhuru ni watu wa asili. Ukikubali hoja hiyo, tamko halimhusu mtu yeyote pale ndani.

Mimi naona swali la nani alifika wa kwanza miaka elfu sita iliyopita tuwaachie wanaohesabu vinasaba. Swali ninalolijali ni nani alikuwa na utaratibu wake wa ardhi pale, ukavunjwa kwa sheria iliyotoka nje. Hilo lina tarehe, na lina majina ya vijiji.

Mchangiaji, Geita

Wakuu tuseme ukweli, madini hayawezi kubaki chini eti kwa sababu kuna makaburi. Nchi itaendeleaje? Walipwe fidia nzuri wahame.

Mleta mada

Mkuu wangu, naheshimu swali lako maana wengi wanalo moyoni. Nikujibu kwa mlima mmoja.

Jimbo la Odisha kuna milima ya Niyamgiri. Wanaishi Wadongria Kondh, watu elfu chache tu. Juu kileleni kuna bauksiti, madini ya kutengenezea alumini. Mlima ule kwao ni wa Niyam Raja, mfalme wa sheria, na kileleni hawalimi wala hawakati miti. Vijito vingi vinaanzia pale juu na kushuka mashambani. Kampuni ya Vedanta ilijenga kiwanda chini ya mlima, Lanjigarh, kabla hata ya kupata ruhusa ya kuchimba kileleni. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 18 Aprili 2013 mahakama ikasema: waulizwe wenyewe, kwenye mabaraza ya vijiji.

Serikali ya jimbo ikachagua vijiji 12. Kuanzia Julai hadi Agosti 2013, kijiji kimoja kimoja, jaji wa wilaya akiwa amekaa pale, mvua za masika yao zinanyesha, watu wakashuka na shoka begani, wanawake na pete zao za pua, wakasimama mmoja mmoja kusema. Vijiji 12 vilikataa. Vyote 12. Januari 2014 wizara ya mazingira ikaufunga mradi.

Wewe unasema walipwe. Fidia ya nini? Mahua ule niliouona ule, hakuna mthamini atakayeuandikia bei, kwa sababu kwenye karatasi si wa mtu. Kijito hakina hati. Na Jharkhand haijakataa madini, ndugu yangu. Chuma cha Jamshedpur kimeanza zaidi ya miaka mia iliyopita, makaa yanachimbwa, urani ya Jadugoda inachimbwa tangu miaka ya 1960. Waliohamishwa ni hao hao. Ungezunguka Ranchi asubuhi saa kumi na moja ungewaona makutano ya barabara wanasubiri kibarua cha siku, na ukiwauliza wametoka wapi, wanakutajia kijiji ambacho sasa ni shimo.

Mchangiaji, Mombasa

Assalaam alaikum. Na dini yao ni gani hasa? Maana umesema wamisionari, ukasema na Wahindu.

Mleta mada

Waalaikum salaam kaka. Wako Wakristo wengi, wako wanaofuata mila za Kihindu, na wako wengi wanaoshika dini ya mababu. Jharkhand wanaiita *Sarna*, jina la kichaka kitakatifu cha miti ya sal kinachoachwa bila kukatwa pembeni ya kijiji.

Sikukuu kubwa ni Sarhul, sal unapochanua, kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kuhani wa kijiji, *pahan*, anafunga. Jioni anajaza maji vyungu na kuviacha kichakani usiku kucha. Asubuhi anaangalia: maji yakiwa yale yale, mvua itakuwa njema, yakipungua, ukame. Niliona watu wazima wameshikilia pumzi wakati pahan anainama. Kisha anamgawia kila mtu kishada cha maua ya sal, wanawake wanachomeka kwenye nywele, wanaume sikioni. Ranchi mjini siku hiyo barabara hazipitiki, sari nyeupe zenye ukingo mwekundu mpaka macho yanapoishia, ngoma juu ya ngoma.

Sasa siasa yake. Sensa za mkoloni zilikuwa na safu kwa ajili ya dini za namna hii, kwa majina tofauti tofauti. Baada ya uhuru ikaondolewa. Mtu akawa anachagua Uhindu, Ukristo au "nyingine". Mwaka 2011 watu kama milioni 4.9 walikataa safu zilizopo wakaandika kwa mkono wao: Sarna. Wajaini, waumini wa dini nyingine ya India ambao wana safu yao, walikuwa kama milioni 4.45. Novemba 2020 bunge la Jharkhand likapitisha azimio kuomba safu ya Sarna. Azimio ni la jimbo, sensa ni ya serikali kuu.

Na upande mwingine kuna wanaodai Adivasi aliyebatizwa aondolewe kwenye orodha. Kisheria orodha ya makabila haiangalii dini. Lakini nimeona dai hilo linavyoingia ndani ya nyumba: mwenzangu ni Mkatoliki, baba yake mkubwa ni wa Sarna, wanalala kaburi moja la ukoo wakifa. Sasa kuna watu wa mjini wanataka wawili hao wahesabiwe kuwa watu wawili tofauti.

Mchangiaji, Dar

Si Rais wao sasa hivi ni Adivasi? Yule mama.

Mleta mada

Ndiyo, Draupadi Murmu, Msanthal wa Mayurbhanj, Odisha. Aliapishwa 25 Julai 2022. Siku ile wanakijiji niliowafahamu walicheza ngoma mpaka usiku, na walikuwa na haki.

Mimi namkumbuka zaidi kwa jambo la kabla ya hapo. Alikuwa gavana wa Jharkhand. Mwishoni mwa 2016 serikali ya jimbo, ya chama chake mwenyewe, ilipitisha mabadiliko ya ile sheria ya ardhi ya 1908 na mwenzake inayolinda ardhi ya Wasanthal, ili mashamba yaruhusiwe kutumika kwa shughuli zisizo za kilimo. Watu wakajaa barabarani. Mwaka 2017 Murmu akaurudisha muswada bila kuusaini, na serikali ikaachana nao. Hilo ndilo la kumsifia. Urais wa India ni cheo cha heshima, usitegemee uzuie mgodi.

Na tusijidanganye kwamba mambo yametulia. Miaka hiyo hiyo, 2017 na 2018, wilaya ile ile ya Khunti, vijiji vilianza kusimamisha mawe makubwa mlangoni mwa kijiji, yamepakwa rangi ya kijani, maandishi meupe. Wanaita *pathalgadi*. Kilichochongwa ni vifungu vya katiba, vile vinavyolinda maeneo ya Adivasi na kulipa baraza la kijiji mamlaka. Tafsiri nyingine za viongozi wao zilipitiliza, walifika hadi kuwazuia maofisa na kuikataa serikali, hapo sikubaliani nao. Lakini serikali ikajibu kwa kesi za uchochezi dhidi ya maelfu ya wanakijiji, wengi hata bila kutajwa jina. Mtu anachonga katiba ya nchi yake kwenye jiwe, anaitwa mchochezi. Kesi zile serikali mpya ya Hemant Soren iliamua kuzifuta siku ile ile ilipoapishwa, 29 Desemba 2019.

Mmoja aliyetajwa kwa sababu ya pathalgadi alikuwa padri mzee, Stan Swamy, Mjesuiti aliyetumia miaka mingi Jharkhand akitetea vijana wa Adivasi waliofungwa bila kuhukumiwa. Oktoba 2020 alikamatwa kwa kesi nyingine, ya ugaidi. Alikuwa na Parkinson, mikono inatetemeka, hawezi kushika kikombe. Aliomba mahakamani mrija wa kunywea maji. Alifariki 5 Julai 2021 akiwa bado mahabusu, anasubiri dhamana, na miaka 84. Kila nikifika hapa nashindwa kuandika zaidi.

Mchangiaji, Morogoro

Pole mkuu. Mimi mdogo wangu amepata nafasi ya kusoma Ranchi, anaondoka mwezi wa saba. Una la kumwambia?

Mleta mada

Hongera kwake. Mwambie salamu ya kule ni *Johar*, unasema huku umekunja mikono kifuani, na ukiianza wewe utaona uso wa mtu unavyofunguka. Akiitwa *dada* asishangae, kule dada ni kaka mkubwa. Neno jungli asilitamke hata kwa utani. Akimuuliza mtu kabila amuulize "wewe ni nani", amwache mwenyewe aseme Mmunda, Mkharia, Mho, Msanthal.

Mwaka ujao Sarhul ikifika atoke asubuhi na mapema aende Siram Toli, mahali patakatifu pa Sarna pale Ranchi, kabla watu hawajajaa. Akipewa ua la sal achomeke sikioni, asilitie mfukoni. Na akialikwa kijijini mwezi wa tatu, alale mapema. Mafagio yanaanza kabla ya jua.

Yule mzee wa Khunti alifariki mwaka jana. Mwenzangu alinitumia picha: bamba limenyanyuliwa kwa magogo, vijana wa ukoo wamelizunguka, mifupa inawekwa chini yake. Nikipata ruhusa yake nitaiweka hapa.